Uzito unashukia wapi? Miji ya kale niliyoizunguka na begi mgongoni

Naomba nianze na begi, kwasababu begi ndo lilinifundisha kuangalia majengo. Nilianza safari na kilo 14 mgongoni, jozi tatu za viatu, koti zito, vitabu viwili vinene, taulo kubwa la kuogea, yaani kila kitu nilikiona cha lazima, na siku ya tatu tu mabega yalishachubuka na kila nikikaa chini kunyanyuka tena ilikuwa kazi. Sasa kwenye korido ya hosteli moja kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, wale waliosafiri miaka na miaka, akaniona navyohangaika akaniita. Akalegeza mikanda yote ya mabegani, akaushusha ule mkanda mpana wa kiunoni mpaka ukakaa juu ya mifupa ya nyonga, akaukaza, halafu ndo akarudia ile ya mabegani, kidogo tu. Begi lilelile, vitu vilevile, lakini uzito ulihama. Ulitoka mabegani ukaenda kwenye nyonga, kutoka nyonga ukaenda miguuni, miguu ikaukabidhi kwa ardhi. Akanambia mzigo haupotei, wewe unachoamua ni njia ya kuupitisha tu.

Kesho yake nikawa nimesimama chini ya mawe yenye umri wa karibu miaka 1900 na swali likaja lenyewe, huu uzito wote unashukia wapi?

Hiyo ilikuwa Segovia, Hispania, kwenye ule mfereji wa maji waliojenga Warumi. Kama hujawahi kuuona, jua kwamba sio mfereji wa kwenye udongo, huu umepandishwa hewani juu ya matao, umekatiza katikati ya mji, na pale uwanjani unafika mita 28 kwenda juu. Mawe ni ya graniti, na kati ya jiwe na jiwe hamna kitu. Hamna chokaa, hamna saruji, nilipitisha ukucha kwenye maungio nikakuta ni jiwe juu ya jiwe basi. Nilikaa pale chini na begi pembeni nikalikodolea tao moja mpaka nikalielewa, na nadhani ndo mara ya kwanza maishani nimeelewa tao ni nini. Mawe yake yamechongwa kama kabari, juu mapana chini membamba, kila jiwe linataka kudondoka lakini likishuka kidogo tu linalibana la pembeni yake, na lile linalibana linalofuata, mpaka ule uzito unageuka kuwa msukumo wa pembeni unaoteremka taratibu hadi kwenye nguzo, nguzo nayo inaupeleka chini. Yaani kinacholishikilia tao ni uzito wake lenyewe! Mawe mengi yana vitobo vidogo usoni, nikadhani ni uchakavu, kumbe ni pale meno ya koleo kubwa la chuma yalipouma wakati mafundi wanalivuta jiwe juu. Niliingiza kidole kwenye kimoja. Kina ubaridi ndani, na ukingo wake umelainika, na nikawaza huyu fundi alibana hapahapa, akapiga ukelele kwa wenzake wavute, na jiwe lake bado lipo pale alipolilaza.

Toka siku ile sijawahi tena kuingia mji wa kale na kuanza na mapambo. Mapambo nayapenda sana, sisemi watu wasiyaangalie, ila naanza na swali la begi kwanza, halafu mapambo nayaona vizuri zaidi baadae maana nishajua yamekaa juu ya nini.

Roma nilifika mvua inanyesha, na nashukuru ilinyesha. Pantheon, hekalu la kale la Warumi, kwa mbele ina maandishi makubwa yanayomtaja Agrippa, mkuu wa Kirumi aliyejenga la kwanza pale, lakini jengo hili lililosimama leo lilimalizika wakati wa kaizari Hadrian, kama mwaka 126. Unapita katikati ya zile nguzo za mbele, kila moja ni jiwe moja zima la graniti lililotolewa Misri, halafu unaingia ndani na shingo inainuka yenyewe. Kuba lina upana wa mita 43 na ushee, na kutoka sakafuni mpaka juu kwenye tundu ni kipimo hichohicho, kwahiyo ungeweza kuingiza mpira mkubwa ukagusa sakafu na ukagusa juu. Sasa sikia, lote ni zege, na ndani yake hamna nondo hata moja. Mpaka leo ndo kuba kubwa kuliko yote duniani la zege lisilo na nondo. Fundi yeyote wa sasa ukimwambia amwage zege la namna hiyo bila chuma atakuuliza kama uko sawa.

Walifanyaje? Walifanya kama nilivyofanya mimi na begi baadae, walipunguza mzigo kadri wanavyopanda. Huku chini zege lina kokoto nzito na kuta zake zina unene wa mita kama 6, ukipanda kokoto zinabadilishwa zinakuwa nyepesi zaidi, na kule juu kabisa wamechanganya lile jiwe la volkano lenye vitundu vitundu ambalo ukilitupa kwenye maji linaelea, na unene umebaki kama mita 1 na kidogo tu. Yale masanduku yaliyochimbwa ndani ya kuba, mistari mitano kila mstari una 28, macho yanaona urembo lakini pia ni zege lililotolewa, mzigo uliopunguzwa. Na pale juu ambapo ungetegemea pawe na kitu kizito cha kufungia, hamna kitu, pana tundu la upana wa karibu mita 9, ukingo wake ni pete inayojibana yenyewe pande zote. Mvua inaingia. Nilisimama pembeni nikaiangalia inashuka katikati ya jengo, imejikusanya kama nguzo ya matone, inatua sakafuni bila kelele nyingi, na sakafu imebonyea kidogo sana kuelekea pembeni, na kuna vitundu vidogo kwenye marumaru vinayameza maji. Watu walikuwa wamenyamaza. Sijui nilikaa muda gani. Nilipotoka nikazunguka mpaka uchochoro wa nyuma, huko ambako wengi hawapiti, na huko ndo ukuta unajieleza wenyewe, ndani ya matofali unaona matao makubwa yamezikwa ukutani, hayana mlango wala dirisha chini yake, kazi yake ni kuchukua uzito wa kuba na kuupeleka kwenye sehemu zenye nguvu. Kama utaenda Pantheon tafadhali usiondoke bila kuzunguka nyuma.

Florence ni habari nyingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo maana ndo nilipopapenda kuliko kote. Kanisa kuu lao lilianza kujengwa 1296, wakapandisha kuta, wakafika mahali wakaacha uwazi mkubwa juu wa zaidi ya mita 40, wakiwa wamekubaliana kwamba utafunikwa na kuba lakini namna ya kulijenga hamna aliyekuwa nayo. Miaka mingi imekaa hivyo, na mimi hiyo imani inanigusa mno, kujenga kitu ukijua atakayekimalizia labda hajazaliwa. Shida yenyewe ni hii, tao au kuba la kawaida unalijenga juu ya mbao zinazolishikilia kutoka chini, mpaka jiwe la mwisho liingie ndo unatoa mbao. Kwa upana ule na urefu ule kupata mbao za kusimamisha kutoka sakafuni ilikuwa haiwezekani. Akaja Filippo Brunelleschi, mtu aliyeanzia kwenye ufua dhahabu, na mwaka 1420 kazi ikaanza bila zile mbao, na 1436 kuba likawa limefungwa.

Siri zake baadhi unazigusa kwa mkono ukipanda, maana ngazi 463 za kwenda juu zinapita katikati ya kuba mbili, moja ya ndani nene na moja ya nje nyembamba, hizo mbili zinakwenda pamoja kama bakuli limefunikwa na bakuli. Begi nililiacha chini, haliruhusiwi na hata lingeruhusiwa lisingepita, pembamba kiasi kwamba mabega yanagusa huku na huku. Mwanzo ukuta umesimama wima, halafu taratibu unaanza kukuinamia, na wewe bila kujua unaanza kutembea umeegemea upande. Pale ndani nikaona matofali yamepangwa kwa mtindo wa mfupa wa samaki, yaani baada ya matofali kadhaa yaliyolala kuna moja limesimama, linayabana yale mengine yasiteleze wakati chokaa bado mbichi, kwahiyo kila duru ya matofali ikikamilika inajishikilia yenyewe na mafundi wanasimama juu yake kujenga inayofuata. Na ndani ya kuta kuna pete za mawe na za mbao zimezunguka kuba kama zile pete za chuma za kwenye pipa, maana kuba nalo linataka kutanuka chini lipasuke. Nilibandika kiganja kwenye matofali yale nikayahesabu, moja limesimama, matano yamelala, moja limesimama. Nyuma yangu kijana mmoja akaniuliza kama nimezidiwa na ngazi, nikamwonyesha, na yeye akabandika kiganja chake. Tukafika juu wote wawili tunahema, mapaa mekundu ya mji mzima chini yetu, na kwa kweli nililia kidogo na sioni haya kusema.

Pisa nilipita nusu siku tu. Mnara wote mnaujua, ila wengi wanapiga picha wakiwa wanausukuma kwa mkono na wanaondoka bila kuona kwamba haukuinama tu, umejikunja pia. Walianza 1173, udongo wa upande mmoja ukabonyea wakiwa bado ghorofa za chini, kazi ikasimama karibu miaka 100, na waliokuja kuendelea wakajaribu kurekebisha kwa kujenga ghorofa za juu zielekee upande wa pili, ndo maana ukiuangalia vizuri una mkunjo kama ndizi. Ule usimamaji wa kazi watu wanauona kama bahati mbaya lakini wahandisi wanasema ndo uliouokoa, udongo ulipata muda wa kushikana. Mwaka 1990 ukafungwa, na dawa iliyopatikana haikuwa kuuvuta, walichota udongo kidogo kidogo kutoka chini ya upande ulionyanyuka mpaka mnara ukarudi nyuma kama sentimita 40 na zaidi, ukafunguliwa tena 2001.

Hapa naomba niseme kitu kuhusu mwendo. Mimi naona ni makosa kukimbiza miji 10 ndani ya wiki mbili. Nimekutana na watu hosteli wanakwambia Roma wamemaliza, Florence wamemaliza, ukiwauliza waliona nini wanakuonyesha simu. Mimi nimejiwekea majengo mawili kwa siku, moja asubuhi na mapema kabla makundi hayajaja, moja jioni jua likiwa limelala maana mwanga wa ubavuni unatoa kila kovu la ukuta, na katikati ya hapo natembea tu bila ramani. Na begi lishuke chini jamani, liache sehemu salama, mtu mwenye kilo 14 mgongoni anaangalia chini muda wote. Mimi nilituma nusu ya vitu nyumbani, nikabaki na kilo 8, viatu jozi moja, na hilo ndo badiliko kubwa kuliko yote niliyofanya safari nzima.

Venice sasa. Mji una madaraja zaidi ya 400 na mengi yana ngazi, kwahiyo mwenye begi la mgongoni anapita kwa raha na mwenye sanduku la magurudumu anateseka, unawasikia alfajiri sanduku linagonga ngazi moja moja. Lakini swali langu pale lilikuwa gumu kuliko kwingine kote, kwasababu chini hamna ardhi. Kuna tope. Uzito unashukia wapi?

Unashukia kwenye mbao. Walishindilia magogo mafupi kwenye tope, maelfu kwa maelfu, yamebanana kama njiti kwenye kiberiti, mpaka tope lenyewe likawa gumu, juu yake wakalaza mbao nene, juu ya mbao jiwe jeupe linaloletwa kutoka Istria, halafu juu ya jiwe ndo wakaanza tofali. Watu wanauliza mbona hazijaoza, na jibu ni kwamba kule chini ya tope hewa haifiki, na vile vijidudu vinavyoozesha mbao haraka vinahitaji hewa. Hata ule urembo wa nyumba za kando ya mfereji, madirisha mengi yaliyopangana kama nakshi, una sababu, kuta zinazobeba mzigo mara nyingi ni zile za ubavuni, kwahiyo ukuta wa mbele ukaachwa huru utobolewe utakavyo, na kadri unavyotobolewa ndivyo unavyokuwa mwepesi juu ya tope. Ila lile kasri la watawala wao pale uwanja wa San Marco linanishangaza kila nikiliwaza, wameweka matao mepesi chini na ukuta mzito karibu mzima juu, kinyume na akili inavyotegemea, na bado macho yanaliona kama kitambaa kilichotandazwa.

Na Venice ndo mahali ambapo nilisikia uchungu. Jioni moja niliegemea ukuta wa uchochoro karibu na maji, nikatoa mkono nikakuta unga mwekundu vidoleni. Tofali linageuka unga. Lile jeupe la chini liliwekwa ili kuzuia unyevu usipande, maana linanyonya maji kidogo sana, lakini bahari imepanda na mji umezama kidogo, maji ya chumvi yanaliruka yanafika kwenye tofali, yanakauka, chumvi inavimba ndani na inalipasua tofali kutoka ndani kwenda nje. Lipu inabanduka vipande vipande. Mnara wa pale San Marco ulishawahi kuanguka, tarehe 14 Julai 1902, ufa ulionekana kabla wakawaondoa watu, na hamna mtu aliyekufa. Waliamua kuujenga palepale na kwa sura ileile, ukaisha 1912, na msingi wakauongeza upana. Mimi nilipoambiwa mnara huu una miaka mia na kidogo tu kuna mtu pembeni yangu akasema basi sio wa kale, nikamwambia hapana, tofali ni jipya lakini uamuzi wa kutouacha ni wa kale.

Fes, Morocco, nilikaa siku nne na ningeweza kuandika kurasa na kurasa lakini nitasema moja. Kuna vichochoro vyembamba ambavyo kuta za pande mbili zimechoka na zinaelekeana, na wamekatiza magogo juu ya vichwa vya wapita njia, nyumba hii inaisukuma ile na ile inaisukuma hii, zote zinabaki zimesimama. Ni Segovia ileile, ila kwa mbao, na chini yake punda anapita na mzigo wake.

Istanbul nilienda kwa ajili ya Hagia Sophia, kanisa la kale lililokuja kugeuzwa msikiti. Ilijengwa kwa miaka mitano tu, 532 mpaka 537, na haraka yao inaonekana, chokaa kati ya tofali na tofali ni nene karibu sawa na tofali lenyewe. Kuba la upana wa kama mita 31 limekaa juu ya madirisha 40, na mwanga ukiingia asubuhi zile nguzo ndogo kati ya madirisha zinapotea machoni na unaona kuba halijakaa juu ya kitu. Lakini mzigo haupotei. Kuba la kwanza lilikuwa limelala mno, likasukuma kuta nje, na mwaka 558 baada ya matetemeko ya ardhi likaanguka, ndo likajengwa jingine lililoinuka zaidi, likamalizika 562, maana kuba likiinuka msukumo wake wa pembeni unapungua. Panda roshani za juu uangalie nguzo. Zimeinama kuelekea nje, macho matupu yanaona, zilisukumwa na kubaki hivyo. Karne ya 16 Mimar Sinan, mjenzi mkuu wa masultani wa Ottoman, akaongeza mihimili ya nje kulisaidia, na naamini kulisaidia jengo la wenzake lililochoka ndo kulimfundisha mengi, kwasababu ukienda Süleymaniye, msikiti alioujenga yeye, unakuta mihimili mikubwa vilevile ila ameificha ndani ya kuta na kwenye baraza za nje, unapita pembeni yake bila kujua ndo inayobeba kila kitu.

Kutoka kwa Sinan nikamfuata mwanafunzi wake, Mimar Hayruddin, mpaka Mostar kule Bosnia. Alijenga daraja la mawe la tao moja juu ya mto Neretva, likaisha 1566, na lilisimama mpaka tarehe 9 Novemba 1993 lilipopigwa kwa mizinga likaanguka mtoni. Wakalijenga upya kwa jiwe la eneo lilelile, mawe yameshikanishwa kwa vibanio vya chuma vilivyomwagiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa kama zamani, likafunguliwa 2004. Nililala usiku mmoja karibu, nikaamka giza halijaisha nikaenda na begi kabisa mgongoni maana basi langu lilikuwa la asubuhi. Daraja linapanda kwa kasi kuliko picha zinavyoonyesha, na jiwe linateleza, ndo maana wameweka vijimgongo vya jiwe vimekatiza njia, unaweka mguu kwenye kimoja unatafuta kinachofuata. Nilifika juu kabisa, kwenye lile jiwe la katikati, nikakaza mkanda wa kiunoni nikasimama wima. Kilo zangu na kilo 8 za begi zilikuwa zinaingia kwenye jiwe moja chini ya miguu yangu, zinagawanyika, nusu inashuka ukingo huu na nusu ukingo ule. Chini mto ulikuwa wa kijani na una kelele. Nikabaki pale mpaka watu wa kwanza walipoanza kuvuka kwenda kazini, nikasogea pembeni wapite.